Chambo na tawi: Maandalizi ya picha za ndege wa mwituni

PICHA ya chiriku wawili wakigombania punje ya mtama hewani humfanya mtazamaji adhani kuwa mpigaji alibahatika tu. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Aghalabu picha kama hiyo ni tunda la maandalizi ya siku kadhaa, na nguzo zake ni mbili: chambo na tawi la kutua.

Chambo huteuliwa kwa kuzingatia mdomo wa ndege. Chiriku na shomoro, wenye midomo mifupi na minene ya kuvunjia mbegu, hupenda mtama, wimbi na mbegu za alizeti. Shore na kwezi huvutiwa na papai au ndizi mbivu. Chozi, mwenye mdomo mrefu uliopinda, hufuata maji matamu ya maua. Yeye ni bora kuviziwa penye maua kuliko kuwekewa chakula.

Chakula huwekwa kando kidogo, mahali ambapo kamera haipaoni, kisha tawi kavu lenye umbo la kupendeza huchomekwa karibu nacho. Ndege wengi hutua kwanza wakapeleleza usalama, ndipo wakarukia chakula. Ni katika kituo hicho kifupi ambapo picha hupatikana. Nafasi ikiwa finyu, ugomvi huzuka: aliyetangulia huinamisha kichwa, akapanua mdomo na kutandaza mabawa ili kumtisha mgeni.

Kuunasa ugomvi huo kunahitaji kasi ya kamera ya takriban sehemu 1 ya 2,000 ya sekunde. Tundu la lenzi nalo hupunguzwa ili ndege wote wawili waonekane wazi. Vichaka vya nyuma viwe mita kadhaa kutoka kwenye tawi ili visivuruge picha, na jua la asubuhi liwe mgongoni mwa mpigaji.

Hata hivyo, msongamano huo unaopendezesha picha ndio unaoeneza maradhi, kama ilivyoshuhudiwa ng'ambo. Nchini Marekani, ugonjwa wa macho uligunduliwa mwaka wa 1994 miongoni mwa ndege waliokuwa wakila kwenye vilishio vya nyumbani. Nchini Uingereza, vimelea viitwavyo Trichomonas gallinae, vinavyoenezwa na chakula na maji yaliyoguswa na mate ya ndege mgonjwa, vilianza kuwaangamiza ndege wa jamii ya chiriku mnamo 2005. Mmoja wao, Chloris chloris mwenye manyoya ya kijani, alipungua kiasi cha kuingizwa mwaka wa 2021 katika orodha nyekundu ya ndege walio hatarini zaidi nchini humo.

Kwa sababu hiyo, chakula kiwe kidogo, kitawanywe sehemu mbalimbali na mabaki yaondolewe kila jioni. Vyombo vioshwe na kukaushwa. Akionekana ndege aliyevimbisha manyoya na kusinzia mchana, ulishaji ukomeshwe mara moja. Chambo kisiwekwe karibu na kiota, wala penye kichaka cha kumficha paka.

Isitoshe, mbinu hii inafaa bustani za nyumbani pekee. Katika mbuga za kitaifa za Kenya, kanuni za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, zinakataza wageni kuwalisha wanyama. Huko, mpiga picha hana budi kutegemea subira.