Ni Barabara Tu

Panda Noah inayotoka Kitengela kwenda Mashuuru, na lami ikiisha tu utaisikia. Kok. Kok-kok. Inatoka chini ya miguu ya abiria wa mbele, inanyamaza, halafu inarudi gurudumu likiingia shimo. Safari haiishi kabla ya mtu kuuliza. Mara nyingi ni mama mwenye mtoto mapajani: "Dere, hiyo kitu inagonga huko chini ni nini?" Na dere, bila kugeuza shingo, anajibu: "Ni barabara tu, mathe."

Mazungumzo yanaishia hapo. Redio inaongezwa sauti, watu wanarudi kwa simu zao. Jibu lenyewe si uongo, barabara kweli inahusika. Shida ni kwamba barabara haifunguliwi kwa spana, kwa hivyo ukishailaumu hakuna mtu anayedaiwa kufanya lolote. Ndiyo maana nataka tulifungue jibu hilo kipande kwa kipande, kama fundi anavyofungua gurudumu. Ile kok-kok ina historia ndefu, na kutoijua kunaweza kuua.

Tuanze na barabara, kwa sababu ndiyo inayoshtakiwa. Mashuuru iko katikati ya njia mbili kubwa. Upande wa magharibi kuna barabara ya Namanga, inayopita Kitengela, Isinya, Kajiado na Bissil. Mashariki kuna barabara ya Mombasa, na miji yake ya Sultan Hamud na Emali. Wakoloni waliwasukuma Wamaasai huku kusini kwa mikataba ya 1904 na 1911, kisha wakajenga reli iliyotoka Konza, ikapita Kajiado mjini, ikafika Ziwa Magadi mwaka 1915. Ilikuwa inafuata magadi. Watu na ng'ombe wa katikati walibaki na njia zao za miguu, na nyingi za njia hizo ndizo zilizokuja kupanuliwa zikawa barabara za murram.

Murram ikipitwa na magari huota mistari, kama bati lililolazwa chini. Wengi huamini ni mvua, au malori mazito. Keith Mather, mwanasayansi aliyeandika katika jarida la Scientific American mwaka 1963, alizungusha gurudumu dogo juu ya mchanga na kuonyesha kwamba mawimbi hayo hujitokeza yenyewe mwendo ukizidi kiwango fulani. Mwaka 2007 wanasayansi wengine watatu, Taberlet, Morris na McElwaine, walirudia jaribio kama hilo, na baadaye wakafika mahali pa kutoa gurudumu na kuburuta kipande tu cha bamba juu ya mchanga. Mawimbi yalitokea bado. Ukitaka barabara ya vumbi ibaki laini, lazima kila gari liende polepole sana, mwendo ambao hakuna dere anayetafuta pesa atakubali kwenda.

Kwa hivyo dere yuko sahihi nusu. Barabara inapiga. Lakini kupiga ni kitu kimoja na kugonga ni kingine. Gari zima likipita kwenye mawimbi hutetemeka na kuvuma. Likigonga kok-kok, kuna vyuma viwili vilivyopaswa kushikana ambavyo sasa vina nafasi kati yao. Nafasi hiyo iko ndani ya gari.

Sasa gari. Mwaka 1945 huko Marekani, General Motors walitaka kutengeneza gari dogo la bei nafuu, Chevrolet Cadet. Injinia aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Earle MacPherson. Badala ya kushikilia gurudumu la mbele kwa vyuma vingi, aliunganisha springi na shokabzoba zikawa nguzo moja iliyosimama wima. Juu, nguzo imefungwa kwenye bodi kupitia mpira ambao mafundi wetu huuita maunting. Chini, gurudumu linashikwa na mkono wa chuma kupitia boljointi, kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe chake kama nyonga ya mtu. Muundo huo ulikuwa mwepesi, wa bei rahisi, na haukula nafasi. Cadet ilifutwa mwaka 1947 na MacPherson akahamia Ford. Kufikia 1950 nguzo yake ilikuwa chini ya Ford Consul na Ford Zephyr za Uingereza.

Zephyr ilikuja huku haraka. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, wakati huo yakiitwa Coronation Safari kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Mwaka 1955 yalishindwa na Vic Preston na D. P. Marwaha, ndani ya Zephyr. Yaani mfumo ule ule ambao leo tunaambiwa hauwezani na barabara zetu uliwahi kuzishinda miaka 70 hivi iliyopita, wakati lami ilikuwa haba kuliko sasa.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi. Mwaka 1965 ndugu wawili, Joginder na Jaswant Singh, walishinda Safari kwa Volvo PV544. Gari hilo halikuwa jipya. Lilikuwa limeshatumika kwenye mashindano ya mwaka uliotangulia. Mtumba, kwa maneno mengine. Lakini Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu, na gari la mashindano halisubiri chuma kikatike ndipo liangaliwe. Gari kuukuu lilimaliza barabara mbaya kwa sababu waliokuwa ndani walijua kilichoko chini.

Noah yetu ilianza maisha tofauti. Toyota walitoa Noah ya gurudumu la mbele mwaka 2001, gari la familia la Kijapani: milango ya kuteleza, viti vya watoto, safari fupi kwenye lami. Huko gari jipya hukaguliwa likifika miaka 3, na baada ya hapo kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo ni ghali, na watu wengi huona afadhali kuuza. Sisi tukalegeza masharti ya biashara na nje mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba ya magari ikafurika bandarini Mombasa. Baadaye tukaweka sheria kwamba gari linaloingia lisiwe limepita miaka 8. Kwa hivyo linafika likiwa na afya nzuri ya Japani. Bushi zake za mpira ni laini, kwa sababu zilitengenezwa ili mtoto alale njiani. Kisha linapelekwa Mashuuru likiwa na watu kuliko viti, magunia juu, na mbuzi wawili nyuma.

Mpira laini kwenye murram haudumu. Hapo ndipo anaingia fundi, na yeye pia ana historia.

Mafundi wengi wa kizazi cha kwanza walijifunza kwenye karakana za Wahindi, kwa kushika spana na kutazama, bila cheti. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliwaambia wakubwa wa dunia kwamba hawa watu wanaofanya kazi nje, bila leseni, walikuwa nguzo ya uchumi. Mwaka 1985 Rais Moi alitembelea Kamukunji akaahidi vibanda, na jina "jua kali" likaingia kwenye hotuba na sera. Vipuri vinatafutwa Kirinyaga Road, Nairobi, ambayo watu bado wanaiita Grogan, kwa jina la mlowezi Ewart Grogan. Barabara ilibadilishwa jina, lakini gereji zilikataa.

Fundi wa namna hii hana kompyuta ya kumwambia kinachogonga, na kusema kweli kompyuta haingemsaidia, kwa sababu bushi haina waya. Anachotumia ni sikio. Nimekaa kwenye gereji za Kitengela za kutosha kujua jinsi fundi mzuri anavyoanza. Kwanza anamwaga gari. Jeki, gurudumu la akiba, spana zilizo chini ya kiti, vyote nje. Kelele nyingi zinaishia hapo na mwenye gari anaenda nyumbani akicheka.

Kama bado inagonga, anauliza maswali, kama daktari. Inagonga wapi, na ikifanya nini? Ikiwa ni kata-kata nyepesi kwenye mawe madogo, lakini gari likipanda tuta kwa magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja inanyamaza, hizo ni linki. Linki zinashika ile fimbo inayounganisha upande wa kulia na wa kushoto. Magurudumu yakipanda pamoja fimbo haijipindi, kwa hivyo linki hazina la kusema. Ikiwa ni dum moja nzito ukikanyaga breki au ukiondoka, anashuku bushi za ule mkono wa chini. Ikigonga ukizungusha usukani gari likiwa limesimama, anaangalia maunting. Ikilia tiki-tiki ukikata kona kali huku gari linatembea, hiyo ni sivi jointi, nayo ni ya kupeleka nguvu kwa gurudumu, kesi tofauti kabisa. Akibonyeza boneti na gari linaendelea kudundadunda, shokabzoba imekwisha.

Halafu anainua gurudumu kwa jeki. Analishika kushoto na kulia, anatingisha: likicheza, anaangalia viungo vya usukani. Analishika juu na chini, anatingisha tena, kisha anachukua mtaimbo na kuuingiza chini ya ule mkono, anainua taratibu huku macho yake yako kwenye boljointi. Hapo gereji yote hunyamaza. Kazi yote hii haifiki nusu saa.

Nasema hivyo kwa sababu linki iliyokwisha itakusumbua masikio tu. Bushi iliyokwisha itakula tairi na kuvuta gari upande mmoja ukifunga breki. Boljointi ni jambo lingine. Kwenye mfumo wa MacPherson, sehemu ya chini ya gurudumu inashikwa na boljointi hiyo moja. Kichwa kikichomoka kwenye kikombe, gurudumu linalala nje, usukani unakuwa pambo, na gari linaenda linakotaka. Wote wanne, linki, bushi, maunting na boljointi, wanaweza kuanza na sauti inayofanana kwa abiria. Kok.

Na hapa ndipo "ni barabara tu" inapoacha kuwa jibu la uvivu. Dere mara nyingi anajua. Ameisikia wiki mbili, anajua hata ni upande gani. Lakini gari si lake. Jioni kuna pesa ya mwenye gari, na siku ikipotelea gereji pesa hiyo bado inadaiwa. Mwenye gari naye yuko Kitengela au Nairobi, hajakalia kile kiti cha mbele kwa miezi. Magari ya abiria yanatakiwa kukaguliwa kila mwaka, lakini mwezi mmoja wa murram unatosha kumaliza bushi iliyopita ukaguzi. Basi fundi anaambiwa "ifunge tu inyamaze." Anaweka kipande cha mpira wa tairi kuukuu, anakaza nati, anapokea pesa kidogo. Sauti inaisha. Nafasi kati ya vyuma inabaki.

Anayelipa ni yule asiyekuwepo kwenye mazungumzo hayo. Mama anayepeleka mtoto hospitali. Mwanafunzi anayerudi shule. Mzee mwenye hela ya mbuzi aliyeuza Emali, anayetaka tu kufika bomani kabla ya giza. Wote wameisikia kok-kok. Wote wameambiwa ni barabara.

Siwaambii mshuke. Mara nyingi hakuna gari jingine, na usiku unaingia. Lakini swali linaweza kubadilika. Badala ya "hiyo kitu ni nini," muulize dere: "Inagonga ukikata kona, ama ukifunga breki, ama tukipanda tuta?" Swali la kwanza barabara inaweza kulijibu. Hili la pili halina jibu hadi dere azime redio na kusikiliza kilomita moja au mbili. Na akishasikiliza, abiria wote wakisikiliza pamoja naye, itakuwa vigumu sana kwa yeyote humo ndani kusema tena kwamba hakujua.