Bustani za mboga Mwanza

Bustani za mboga Mwanza ni kilimo cha maeneo madogo kinachoendeshwa mjini na vijijini kandokando ya Ziwa Victoria, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Mazao yake ni mchicha, chainizi, sukuma wiki, matembele, mgagani, nyanya, nyanya chungu na bamia.

Majira

Vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei. Katikati, Januari na Februari, jua huwaka na mvua hazitabiriki. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani. Usiku mwelekeo hugeuka: pepo za nchi kavu hukutana juu ya ziwa, hewa yenye unyevu hupanda na radi hupiga hadi alfajiri. Mchicha ulionyauka saa nane mchana unaweza kukutwa asubuhi umelala ndani ya maji.

Matuta

Kinga ya kwanza dhidi ya jua na mvua hizo ni umbo la tuta. Udongo wa kichanga wa miinukoni, ambao Wasukuma huuita *luseni*, hupoteza maji haraka. Hapo tuta hushushwa kidogo na kutiwa samadi. Kwenye *mbuga*, udongo mweusi wa mfinyanzi ulio mabondeni, maji hutuama. Hapo tuta huinuliwa na kuchimbiwa mifereji. Kote hutandazwa nyasi kavu. Hupoza udongo, tena huzuia matone mazito yasirushe tope kwenye majani ya chini ya nyanya, ambako ukungu hupenda kuanzia. Miche huhamishwa jioni, ipate usiku mzima kabla ya kukutana na jua.

Wadudu na akiba

Ukame ukizidi, nyanya hushambuliwa na kantangaze, mdudu aliyeingia Tanzania mwaka 2014. Mgagani na kunde hustahimili jua kuliko kabichi. Majani yakizidi mahitaji, Wasukuma huyaanika yakawa *nsansa*, mboga kavu inayoungwa kwa karanga wakati wa kiangazi.

Ufukwe

Mei 2020 ziwa lilipanda kupita kiwango cha juu cha mwaka 1964 na kumeza sehemu za ufukwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Matete yanayoachwa hapo huzuia udongo na mbolea visisombwe hadi ziwani, na ni maji ya ziwa hilohilo ambayo mkulima atayachota kesho kumwagilia mchicha wake.