Chungu, Gongo na Ini: Habari za Ulevi katika Kisaka na Nchi ya Mara

Wanaoandika historia ya nchi ya Mara hupenda sana kutuhadithia habari za ng'ombe. Hutueleza marika na koo, uwindaji, ngome ya Wadachi pale Ikoma, na mpaka ule waliopatana Wadachi na Waingereza mwaka 1886, ambao kwa mstari uliochorwa Ulaya uliwagawa Wakuria katika dola mbili. Mambo hayo yote yastahili kuandikwa. Lakini kimo chombo kimoja ambacho hakikukosekana katika arusi, wala katika matanga, wala katika baraza la wazee, nacho hupata nafasi ndogo vitabuni, kana kwamba kilikuwa pambo la sherehe tu. Chombo hicho ni chungu cha pombe. Katika kurasa hizi nakusudia kukifuata kutoka uani kwa mama mpishi mpaka kitandani kwa mgonjwa. Mimi ni mwalimu wa lugha, si tabibu. Kwa hiyo mahali pa utabibu nitasema yale tu ambayo matabibu wamekwisha kuyathibitisha.

Kisaka imo katika nchi ya Wangoreme, wilaya ya Serengeti, upande wa kusini wa mto Mara. Ng'ambo ya mto ni Tarime ya Wakuria, ambao ni ndugu wa Wangoreme kwa lugha na kwa desturi nyingi. Ni nchi ya ulezi, mtama, mihogo na mifugo, na pombe yake ya asili ilitoka katika nafaka hizo. Ulezi ulirowekwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa, ukasagwa: hicho ndicho kimea. Unga mwingine ulivundikwa ukachacha, ukakaangwa, ukachanganywa na kimea na maji, kisha ukaachwa siku kadhaa mpaka upande povu. Kazi yote ilikuwa ya wanawake, nayo ilikuwa nzito: kuteka maji, kusenya kuni, kusaga juu ya jiwe.

Nimezitaja hatua hizi kwa sababu ndani yake yamo mambo yaliyomzuia mtu asinywe kila siku. Nafaka ilikuwa ile ile ya ugali. Aliyeifanya pombe yote alilala njaa kabla ya mavuno mapya. Pombe yenyewe haikuweza kuwekwa. Baada ya siku chache iliharibika, basi ilinyweka mara moja na watu wengi. Tena walionywa kwa haki walikuwa wazee, wamekizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake, na kijana aliyejipenyeza pale alifukuzwa kwa aibu. Sisemi kwamba wazee hao hawakulewa. Walilewa, wakagombana, na wake zao waliyajua matokeo yake kuliko mwandishi yeyote wa mila. Nasema tu kwamba ulevi wao ulikuwa na majira, kama mvua.

Lugha nayo yatoa ushahidi wake. Kiswahili cha pwani kilikuwa na tembo la mnazi na mvinyo wa wageni, na pombe likawa jina la kileo cha nafaka barani. Kilipoingia kileo cha kukeneka, yaani cha kuchemsha pombe na kuukusanya mvuke wake uliopoa, yalihitajika majina mapya. Watu walikiita moshi, kwa jinsi kinavyozaliwa, au gongo. Na gongo, kama msomaji ajuavyo, ni rungu la kumpigia mtu. Ng'ambo ya mpaka wa Kenya huitwa chang'aa, na jina hilo limevuka Sirari bila kuulizwa hati ya kusafiria.

Dola za Ulaya zilianza kutunga sheria za vileo vya Afrika mapema. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliweka mipaka ya biashara ya vileo vikali kati ya nyuzi 20 kaskazini ya ikweta na nyuzi 22 kusini yake. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ukaongeza marufuku ya kukeneka kileo katika nchi hizo. Uingereza ilipokabidhiwa Tanganyika na Shirika la Mataifa mwaka 1922, hati ya udhamini iliitaka isimamie kwa ukali uuzaji wa silaha na wa vileo vikali, mambo hayo mawili yakiwa yamewekwa katika sharti moja. Wenye mikataba walisema kwamba walitaka kuwahifadhi wenyeji na madhara, na sina haja ya kuwashuhudia uongo wote. Lakini tazama jinsi hifadhi hiyo ilivyopimwa. Mzungu aliendelea kunywa wiski yake klabuni. Mwafrika alikatazwa na sheria vileo vikali vya Kizungu mpaka miaka ya 1950. Mstari uliwekwa katika rangi ya mnywaji, ilhali ini halina rangi mbili.

Katazo kama hilo halikuwafundisha watu kitu juu ya miili yao. Liliwafundisha kwamba kileo kikali ni heshima waliyonyimwa, na uhuru ulipofika mwaka 1961 heshima hiyo ilidaiwa pamoja na nyingine. Serikali mpya nazo zilikuwa na hesabu zao. Uganda ilitunga sheria ya enguli mwaka 1965, na Tanzania ikatunga sheria yake ya moshi mwaka 1966, ambayo kwayo kukeneka bila leseni ni kosa. Leseni huleta mapato na usimamizi. Jambo hilo laeleweka. Hata marufuku kubwa ya siku zetu, ile ya viroba iliyoanza tarehe 1 Machi 2017, ilipitia kanuni za Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Afya ya vijana ilitajwa sana katika kuitetea, lakini mlango wa kisheria uliofunguliwa ulikuwa wa mifuko ya plastiki. Mwanahistoria ana ruhusa ya kutabasamu kidogo hapo. Kwa zaidi ya miaka 100 sheria imeitazama pombe kwa jicho la amani, la kodi, na mwisho la takataka. Jicho la tabibu limekuja nyuma ya yote.

Basi tabibu aona nini? Kileo chochote, kiwe cha chungu, cha chupa au cha dumu, nguvu yake yatokana na kitu kimoja, ethanoli. Damu hukichukua, na ini ndilo lipewalo kazi kubwa ya kukivunja. Katika kuvunjwa huko huzaliwa kwanza asetaldehaidi, nayo ni sumu iwezayo kuharibu vinasaba vya chembe za mwili. Anayelipa ini kazi hiyo kila siku hulijaza mafuta. Mafuta huleta uvimbe, na uvimbe wa miaka huacha makovu, mpaka ini lasinyaa na kuwa gumu. Hapo macho hugeuka manjano, tumbo hujaa maji, na mishipa ya umio huvimba hata ikaweza kupasuka na kumwaga damu. Ugonjwa huu hukaa kimya muda mrefu. Mgonjwa wa kijijini aletwapo na tumbo lililojaa, huenda jamaa zake wamekwisha kumtafuta mchawi kwa mwaka mzima. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikiweka kileo mwaka 1988 miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka: ya kinywa, ya koo, ya umio, ya ini, na baadaye ikathibitika ya matiti na ya utumbo mpana. Mtoto aliye tumboni hana kinga. Lemoine na wenzake wa Ufaransa mwaka 1968, kisha Jones na Smith wa Marekani mwaka 1973, walieleza ulemavu wa watoto waliozaliwa na mama walevi.

Kuna dhana moja iliyoenea ambayo yafaa kusahihishwa. Watu husema gongo huua kwa sababu ni chafu. Ni kweli kwamba watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi mwaka 2000 kwa kileo kilichochanganywa na methanoli, na wengine wakapofuka. Lakini misiba ya namna hiyo hutokea mara nyingi pale mfanya biashara anapotia spiriti ya viwandani ili aongeze ukali. Gongo iliyokenekwa kwa nafaka au sukari kwa kawaida haina methanoli ya kuua. Yenye kuua ndani yake ni ethanoli yenyewe, polepole, nayo imo pia katika chupa safi yenye chapa na risiti. Usafi wa chupa huondoa hatari ndogo na kuiacha kubwa.

Wala tusikimbilie kukitakasa chungu cha wazee. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Afrika ya Mashariki waliona saratani ya umio kwa wingi usio wa kawaida katika baadhi ya sehemu, mojawapo ikiwa Nyanza ya Kenya, jirani wa Tarime. Mwaka 1971 Paula Cook alichapisha uchunguzi uliolinganisha maeneo ya Afrika, akaonyesha kwamba huenda ugonjwa huo wafuatana na pombe ya mahindi, zao ambalo lilikuwa likichukua nafasi ya ulezi na mtama. Tangu hapo wachunguzi wametaja mambo mengine, kama chai ya moto sana na moshi wa jikoni, na suala halijafungwa. Juu ya hayo, nafaka iliyovunda huweza kuwa na sumukuvu, adui mwingine wa ini, na aliyeikataa katika ugali mara nyingi huiona yafaa kwa pombe.

Hayo ni ya mtu mmoja mmoja. Ya umma yana kanuni yake. Mfaransa Sully Ledermann alidai mwaka 1956 kwamba idadi ya walevi wakubwa katika taifa hufuatana na wastani wa unywaji wa taifa zima. Hesabu zake zimepingwa katika sehemu fulani, lakini kiini chake kimesimama: wanywaji huvutana, na wastani ukipanda, pembe ya walevi hupanda nao. Chungu cha Kisaka chaeleza jambo hili vizuri kuliko majedwali. Palipokuwa na chungu kimoja na mirija mingi, mtu hakuweza kumpita jirani yake kwa mbali, maana pombe ilikwisha kwa wote. Dumu la gongo halina mirija. Hukaa miezi bila kuharibika, huuzwa kwa kipimo kidogo, na mnywaji hahitaji mavuno wala rika, ila fedha. Na fedha zilikuja: za pamba, za mishahara ya jeshi, za ng'ombe waliouzwa, na tangu mwaka 2002 za mgodi wa dhahabu wa North Mara upande wa Tarime. Bia ya viwandani nayo ikafika, mojawapo ikiwa imebeba jina la Serengeti juu ya chupa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019 vilitokana na kileo. Kati ya hivyo, kama 700,000 ni vya ajali na majeraha, na kama 300,000 ni vya maradhi ya kuambukiza. Hesabu hii ya mwisho yatuhusu sana, kwa kuwa kileo hudhoofisha kinga ya mwili mbele ya kifua kikuu na humfanya mgonjwa wa UKIMWI akose dawa zake. Mwaka 2023 shirika hilo lilitamka wazi kwamba hakuna kiasi cha kileo kisicho na hatari yoyote kwa afya.

Tamko hilo lifikapo Kisaka lamkuta mwanamke uani. Bibi yake alipika pombe ya ulezi kwa ajili ya wazee, naye hakulipwa fedha. Yeye hukeneka gongo kwa ajili ya yeyote, kwa fedha. Ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2016, lakini sare, madaftari na michango havikufutwa. Askari akija humwaga gongo yote na kuchukua mapipa, na mwanamke hukopa sukari kwa mwenye duka ili aanze tena, akikeneka zaidi ya awali kwa sababu sasa ana deni. Wateja wake wa jioni ni wanaume wa rika la mumewe. Mwenye duka amkopeshaye sukari ni mmoja wao.