Faibrosisi ya utando wa kinywa (Durban)

Faibrosisi ya utando wa kinywa ni ugonjwa sugu wa uvimbe unaokakamaza mashavu na kaakaa. Pilipili humchoma mgonjwa, kinywa hakipanuki, na saratani yaweza kufuata. Chanzo chake kikuu ni kutafuna popoo. Jijini Durban, Afrika Kusini, ambako vibarua kutoka India walianza kuwasili mwaka 1860, ugonjwa huu ulichunguzwa katika miaka ya 1980 miongoni mwa watafunaji popoo wenye asili ya Kihindi, wengi wao wanawake.

Dawa za kupaka za steroidi, kama triamsinoloni, hupunguza mwasho lakini haziyeyushi makovu. Sindano za steroidi na za kimeng'enya cha hailuronidasi hupenya zaidi. Nafuu hupimwa kwa milimita za upana wa kinywa kilichofunguliwa, baina ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Kuacha popoo hutangulia tiba zote.