Mpiga Picha wa Barazani

Watu wengi humwazia mpiga picha wa mtaani kuwa mtu wa miguu: kamera shingoni, macho kwenye umati, hatua nyepesi kutoka steji hadi sokoni. Kwa dhana hiyo, siku goti linapokataa kukunjika na mkono unapoanza kutetemeka, kazi imekwisha. Kamera hupewa mjukuu au hufungiwa kabatini. Dhana hii humwondoa mzee kazini mapema, iwe Utange huku Kisauni, Mombasa, iwe Likoni au Changamwe, na nashikilia kuwa historia ya ufundi wenyewe katika pwani yetu haiiungi mkono. Hapa kwetu picha zilipigwa kwanza na watu waliotulia mahali pamoja. Kutembea kulikuja baadaye, kukaletwa na chombo kipya na soko jipya. Kwa hiyo mpiga picha ambaye mwili umempunguzia mwendo hajatoka katika ufundi. Amerudi kwenye kiti ambacho ufundi huo uliwahi kukikalia kwa miongo mingi.

Ushahidi wa mapema unapatikana Zanzibar, mwaka 1860. James Augustus Grant, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyefuatana na John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha mto Nili, alipiga picha za mji huo kabla msafara haujavuka kwenda bara. Siku hizo bamba la kioo lilipakwa dawa, likatiwa kwenye kamera lingali bichi, na likasafishwa papo hapo kabla halijakauka. Kila picha ilidai hema la giza, maji, chupa za dawa na wapagazi wa kuvibeba vyote. Walipokwisha kuingia bara, Speke aliona kwamba joto la ndani ya kihema kile lingemuua mwenzake, na Grant akaiweka kamera kando akashika kuchora. Alikuwa na miaka 33 tu, askari aliyezoea shida. Ninalisisitiza tukio hili kwa sababu linaonyesha kwamba mipaka ya mwili haikuzuka katika ufundi huu kwa ajili ya wazee. Imekuwapo tangu siku ya kwanza, na tangu siku ya kwanza mpiga picha amekuwa akibadilisha namna ya kufanya kazi kulingana na kile ambacho mwili wake unaweza kukibeba.

Biashara ilipokita mizizi, ilikita chini ya paa. Mjini Mombasa studio ya N. V. Parekh, iliyofanya kazi tangu miaka ya 1940 hadi miaka ya 1980, ilipokea Waswahili, Wahindi na Waarabu, mabibi harusi na marafiki waliotaka ukumbusho, na umahiri wake ulikuwa katika taa, mkao na subira. Lamu, Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, alijulikana kwa picha alizoziunganisha kwa mkono, sura ya mtu ikichipuka ndani ya ua, kazi iliyofanyika mezani na kwenye chumba cha giza wala haikumdai mtu kilomita hata moja. Mpiga picha anayezunguka, huyu tunayemwona leo kama ndiye halisi, alipata uhai kutokana na kamera ndogo za filamu ya milimita 35. Leica ya kwanza ilitoka Ujerumani mwaka 1925, na kwetu kamera za aina hiyo ziliingia mikononi mwa watu wa kawaida miongo kadhaa baadaye, zikafuata harusi, shule, Idi na Krismasi. Ukiupima urefu wa historia yote, zama za miguu ni fupi.

Mfano ulio tajiri kuliko yote uko Likoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wapiga picha waliokuwa wakizunguka kutafuta wateja walianza kujenga vibanda vya mbao karibu na kivuko cha feri. Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Kijerumani, aliwachunguza kwa makini, na kazi yake imetuachia kumbukumbu ambayo pengine ingepotea. Wengi wao walikuwa wageni mjini, watu wa kutoka bara. Ndani ya kibanda waliweka mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majengo marefu, wakayapamba kwa maua ya plastiki na karatasi za kung'aa, kisha wakangoja. Mteja alisimama mbele ya meli ya rangi hatua chache kutoka kwenye feri ya chuma, akapata picha ya kuwapelekea jamaa nyumbani, picha iliyosema kwamba amefika, ameiona bahari, na labda kesho atapanda ndege. Hesabu ya wapiga picha wale ilikuwa sahihi kabisa. Kivuko kile, ambacho siku hizi hukadiriwa kuvusha watu laki tatu kwa siku, huwaleta wateja chenyewe, saa baada ya saa, bila mpiga picha kunyanyua mguu. Waliutazama mji wakagundua mahali ambapo mji hulazimika kupita.

Atakuja mtu aseme: vijana wale hawakukaa kwa sababu ya magoti. Walikaa kwa sababu ya fedha, na kuwafanya kielelezo cha wazee ni kuivuta historia pasipovutika. Nakubali nusu ya kwanza. Sababu yao ilikuwa soko. Lakini umbo la kazi halijui sababu ya aliyelibuni. Mpango unaompa kijana wateja wengi kwa hatua chache humpa mzee kitu kile kile, na mzee ndiye anayeuhitaji zaidi. Pingamizi la pili ni zito kuliko hilo. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na machafuko yaliyofuata yakawalenga watu wa kutoka bara. Vibanda vikachomwa, watu wakauawa, maelfu wakakimbia. Mtu aliyekita mahali pamoja huonekana na kila mtu, na hilo humfikisha hata kwa anayemtakia mabaya. Sina jibu la kulifuta jambo hili. Ninachoweza kusema ni kwamba kibanda cha Likoni kilikuwa kituo cha mgeni kati ya wapita njia, ilhali mzee wa Utange akiketi mbele ya duka la jirani yake, ameketi kwao. Usalama wake unatokana na kujulikana, na kujulikana ni mali ambayo umri huiongeza.

Tuje kwenye mwili wenyewe, maana hoja ya kihistoria haimsaidii mtu ambaye haoni namba kwenye kamera. Jicho hupoteza uwezo wa kuona karibu kuanzia miaka ya arubaini hivi, mkono hutetemeka, mgongo hukataa kilo mbili za vyuma. Wengine wameyakabili magumu kuliko haya. Josef Sudek wa Prague alipoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akabeba kamera kubwa za stendi maisha yake yote, na kuanzia mwaka 1940 akapiga mfululizo mrefu wa picha kupitia dirisha la studio yake. Karibu zaidi na sisi, Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzisha kampuni ya picha ya Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963, alikatika mkono wa kushoto Juni 1991 ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa. Akavalishwa mkono wa bandia na kurudi kazini, hadi alipofariki katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara mwaka 1996. Hawa walikuwa na ari isiyo ya kawaida, na si haki kumdai kila mzee ushujaa wa namna hiyo. Bahati ni kwamba vifaa vyenyewe vimesogea upande wa wazee. Kamera ya kwanza ya kujilenga yenyewe iliyouzwa kwa wingi ilitoka mwaka 1977, na lenzi inayotuliza mtikisiko wa mkono ilianza kuuzwa kwa kamera za kubadilisha lenzi mwaka 1995. Kioo cha nyuma kinachokunjuka kimeondoa haja ya kupiga magoti. Simu ya gramu mia mbili hupiga picha kwa kuamriwa kwa sauti. Yaliyobaki ni maarifa ya kale: kiwiko juu ya meza au paja, mgongo ukutani, na kasi ya sehemu moja ya 500 ya sekunde badala ya moja ya 125.

Wapo watakaosema kwamba picha za kukaa ni picha za studio tu, kwamba mtaa hupatikana kwa kuukimbilia. Hapa sikubaliani nao kabisa. André Kertész, Mhungaria aliyehamia New York, alikaa tangu mwaka 1952 kwenye ghorofa ya 12 inayotazama bustani ya Washington Square, na kwa zaidi ya miaka thelathini, hadi kifo chake mwaka 1985 akiwa na umri wa miaka 91, akapiga kutoka hapo watu wakipita kwenye theluji, wapenzi, wazee, watoto. Hakuna anayethubutu kusema kwamba hizo si picha za mji. Utange haina maghorofa ya kumtosha Kertész, lakini ina kitu ambacho yeye hakuwa nacho, nacho ni baraza. Desturi ya pwani humweka mtu mzima nje ya nyumba, mahali ambapo kila apitaye hulazimika kusalimia. Mwendesha bodaboda anapunguza mwendo, mama anatua ndoo, mtoto wa madrasa anatoa shikamoo. Mpiga picha anayetembea huvuruga mambo hayo kwa kufika kwake. Aliyeketi huyakuta yakiendelea. Na mwanga nao una ratiba yake ambayo haimhitaji mtu kuzunguka. Tuko takribani nyuzi nne kusini mwa ikweta, jua la saa sita mchana humwagika utosini na kutia weusi machoni mwa kila mtu, kwa hiyo picha njema hupigwa kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi, au kivulini chini ya mwembe wakati wowote. Mzee aliyekwisha kuijua hiyo ratiba anaweza kulala mchana bila kupoteza kitu.

Baraza huleta pia swali la heshima. Pwani ina watu wengi wasiopenda kupigwa picha, kwa sababu za dini au za stara, na Behrend ameonyesha jinsi mvutano huo ulivyo wa kina. Mtu aweza kuuliza kama mzee mwenye kamera barazani hatakuwa kero kwa wanawake wapitao. Atakuwa kero akipiga bila kuuliza, na umri haumpi ruhusa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda faragha katika Kifungu cha 31, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeongeza uzito wa ridhaa. Lakini angalia nani anayeweza kuomba ridhaa vizuri: anayepita mara moja na kutoweka, au anayejulikana jina, ukoo na mlango wake? Aliyeketi atakutana tena kesho na mtu aliyempiga picha leo. Hilo linamfunga adabu kuliko sheria yoyote, na linampa nafasi ya kumkabidhi mtu picha yake mkononi.

Utange inamhitaji mtu wa namna hii kwa sababu inabadilika upesi kuliko kumbukumbu yake. Baada ya serikali ya Siad Barre nchini Somalia kuanguka Januari 1991, Wasomali waliokimbia vita, wakiwemo watu wa Mogadishu na Wabarawa wanaosema Chimwini, lahaja ndugu ya Kiswahili, walipewa hifadhi kwenye kambi kadhaa za pwani, na ya Utange ilikuwa miongoni mwa zilizojulikana zaidi. Kabla ya muongo ule kwisha kambi hizo zilifungwa. Wengine wakapelekwa Kakuma na Dadaab, wengine wakapata makao Marekani. Mabadiliko ya namna hii hayaonekani kwa mtu anayepita mara moja, hata awe hodari vipi. Huonekana kwa anayepiga picha pembe ile ile ya barabara mwaka baada ya mwaka, mpaka mwembe ukatwe na ukuta uinuke.

Kuhusu kipato, sitadanganya. Simu imeua sehemu kubwa ya biashara ya picha, na kijana hana sababu ya kumlipa mzee kwa kitu anachoweza kujipigia. Lakini simu haijaua kazi ya kutambua. Katika nyumba nyingi za mwambao zimo negativu na picha za karatasi ambazo unyevu na kuvu zinazila, na kati ya walio ndani yake wengi hawana tena wa kuwataja isipokuwa wapiga picha waliowapiga na watu wa rika lao. Kifungu cha 57 cha Katiba kinampa mzee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na sioni ushiriki ulio wazi zaidi ya huu: kuketi mezani, kuzipiga tena kwa simu zile picha za zamani moja moja karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, kuuliza majirani, kisha kuandika nyuma ya kila moja jina, mtaa na mwaka. Iandikwe kwa penseli laini, kwa mkono mwepesi, kwa kuwa wino wa kalamu hupenya karatasi na kutokeza upande wa sura.