Simu za dhana

Simu ya dhana ni mfano unaobuniwa kuonyesha simujanja za kesho zitakavyokuwa, hata kama hautafika dukani. Mwaka 2008 Nokia na Chuo Kikuu cha Cambridge walizindua Morph, simu ya kupindika na kujichaji kwa jua. Google nayo ilibuni Ara, ya vipande vya kubadilishwa, ikaiacha 2016.

Katika Kaunti ya Taita Taveta, Kenya, kinachovutia ni hilo la kujichaji kwa jua. Kenya ililijaribu mapema: 2009 kampuni ya simu ya Safaricom ilileta simu ya sola iliyoundwa na kampuni ya ZTE. Ilikuwa kabambe ya vitufe, isiyokula chaji nyingi.

Simujanja ni habari nyingine. Mgongo wake una takriban sentimita 100 za mraba. Kwa seli zenye ufanisi wa asilimia 20, jua la utosi la Voi, mji wa kaunti hiyo, hutoa hapo kama wati 2 tu. Betri ya kawaida ya mAh 5,000 ingetaka karibu saa 10 za jua hilo, na hakuna siku yenye adhuhuri ndefu hivyo! Tena simu ikianikwa hupata moto, na betri ya lithiamu ikichajiwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 45 huchakaa upesi.

Kwa sasa paneli hukaa juu ya bati, simu ikachajiwa kivulini.