Boda Ilipitia kwa Fundi

Boda haikuzaliwa kiwandani. Miaka ya 1960, huko Busia, vijana walivusha watu na mizigo mpakani kwa baiskeli. Jina lenyewe ni neno la Kiingereza la mpaka, likatamkwa kwetu mara mbili.

Ilipofika Kisumu, ilipitia kwa fundi. Black Mamba ilitengenezwa kwa mtu mmoja. Fundi wa jua kali akaongeza chuma kwenye keria, akaweka sponji juu, akachomelea pa kukanyagia abiria. Hapo ndipo ikawa boda.

Mwaka wa 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki zisizofika 250cc. Baiskeli zikapungua, lakini fundi hakwenda popote. Alijifunza kabureta.

Sasa ni zamu ya stima. Mota haina kabureta, plagi wala oili ya injini. Nyumbani unaweza kukaza spoki, kubadilisha breki, na kukausha viunganishi mvua ikinyesha. Lakini betri mara nyingi si yako. Unabadilishiwa tu kituoni. Na kusema ukweli, si ya kuchezea. Seli za lithiamu zikipigwa shoti huwaka moto, na ukiongeza volti ndio ukimbie zaidi, unaweza kuchoma kontrola.

Hilo nakubali. Ninachokataa ni fundi kufungiwa nje. Kila boda iliyolisha watu hapa Kisumu ilipita mikononi mwake. Hii pia ipite, ila safari hii apewe mafunzo na vifaa kwanza.